Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya barabara za Zanzibar: ulevi usiopimwa hauhukumiwi

KWA:
Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya usafiri wa barabarani, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar
Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi, Chukwani
Kamishna wa Polisi, Zanzibar
Mkurugenzi wa Mashtaka, Zanzibar

YAH: ADHABU ZA KUENDESHA CHOMBO KWA ULEVI AU DAWA ZA KULEVYA

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum.

Nawaandikia hadharani kwa sababu faraghani nimeshaandika mara tatu. Barua ya kwanza niliipeleka kwa mkono, nakala yangu ikapigwa muhuri. Ya pili nilijibiwa kwa mdomo kwamba suala "linafanyiwa kazi". Ya tatu, kijana wa mapokezi aliniuliza kama mimi ndiye yule bibi wa baiskeli. Nikamwambia ndiye. Akanitaka nirudi baada ya sikukuu, bila ya kunambia sikukuu gani.

Mimi ni muuguzi mstaafu, mkaazi wa Wilaya ya Kusini, Unguja. Baiskeli yenyewe ilikuwa ya mtoto wa kaka yangu, niliyemlea tangu ana miaka sita. Kazi yake ilikuwa ukwezi. Akikwea nazi na madafu. Tembo, ile pombe ya mnazi, hakupata kuligema hata siku moja, si kwa kuogopa watu bali kwa sababu harufu yake ikimtia kichefuchefu. Usiku wa kuamkia Jumapili, saa kumi na nusu, kabla ya adhana ya alfajiri, alikuwa ameshafunga matenga mawili ya madafu kwenye baiskeli, anawahi gari ya kwenda mjini. Ilikuwa barabara ya Paje, ukishapita Jozani. Gari ndogo inayotoka pwani ilimjia kwa nyuma ikampitia.

Nilifika kabla ya polisi, maana kutoka kwangu hadi pale hapafiki dakika kumi kwa miguu. Dereva hakukimbia, na hilo namshukuru. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kalvati, kijana wa watu, kavaa vizuri. Aliponiona aliinuka, akayumba, akashika mti, akaniamkia: "Shikamoo, bi mkubwa." Nikaitika marahaba kwa mazoea ya ulimi, na pombe ikanipiga usoni. Nimewaosha na kuwashona walevi kwa zaidi ya miaka 30. Harufu hiyo siikosei.

Siku ya tatu mguu wa kushoto wa mtoto ulikatwa chini ya goti. Kesi nayo ilikwisha kwa faini ambayo hainunui hata Vespa kuukuu, na kijana yule akarudishiwa leseni yake mchana ule ule. Karatasi ya maabara ilisema hakuwa na kileo.

Sikuja kuomba kesi ile ifunguliwe upya. Nakuja na mambo sita ambayo yataifanya kesi ya mwakani iishe vile vile.

1. Saa zinazopotea.

Hili ndilo kubwa, na naomba mnivumilie nilieleze kwa hesabu za wodini. Kileo kikishaingia kwenye damu, ini hukiondoa kwa mwendo wake lenyewe, hakuna kahawa wala maji baridi yanayoliharakisha. Kwa wastani hupungua miligramu 15 hivi kwa kila mililita 100 za damu katika saa moja; wengine 10, wengine 20. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania Bara ya mwaka 1973 inataja miligramu 80 kuwa ndiyo mpaka. Haya, chukueni dereva mwenye miligramu 150, yaani karibu mara mbili ya mpaka huo. Kagonga saa kumi na nusu alfajiri. Polisi wamefika karibu na saa kumi na mbili. Kituoni wameingia saa mbili, mkubwa wa zamu hayupo, anasubiriwa. Mara gari haina mafuta. Mara kituo cha afya cha karibu hakina wa kutoa damu siku ya Jumapili. Hospitali anafikishwa saa nane na nusu mchana. Hapo zimepita saa kumi, na mara 15 ni 150. Damu ni safi kama ya mtoto wa chuoni.

Hivyo ndivyo siku ile ilivyokwenda, saa kwa saa. Nilikuwepo, na nikaandika kila saa nyuma ya PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, kwa sababu mikono ilinizowea kuandika. Hakuna aliyeficha ushahidi. Ushahidi uliachwa ukae kwenye benchi mpaka ukayeyuka wenyewe, kisha maabara ikathibitisha kwa muhuri kwamba haupo. Karatasi ile imetudhuru kuliko ingekosekana kabisa, maana bila yake hakimu angeweza angalau kusikiliza pua yangu.

2. Kosa linalobadilishwa jina.

Bila ya kipimo, mwendesha mashtaka hana analoweza kulithibitisha ila "kuendesha kwa uzembe". Simlaumu yeye. Lakini uzembe ni neno la aliyesahau kuwasha taa ya kukata kona. Aliyekunywa tangu magharibi, kisha akatia ufunguo na kukanyaga mafuta, aliamua. Na kosa likishaitwa uzembe, adhabu yote iliyoandikwa kwa ajili ya ulevi haina pa kushika. Unaweza kuipandisha mara kumi na isimguse mtu.

3. Adhabu inayolipika.

Faini ya shilingi zile zile kwa kila mtu si adhabu ile ile kwa kila mtu. Kijana wa bodaboda wa Fuoni anauza simu kuilipa. Mwenye gari ya kukodisha watalii anaitoa mfukoni bila ya kuihesabu. Finland wana utaratibu wa kupima faini kwa kipato cha mkosaji, na ulevi barabarani ni moja ya makosa yanayoingia humo. Lakini mimi zaidi ya fedha naangalia leseni. Uingereza, ukipatikana na hatia ya kuendesha umelewa, unafungiwa leseni si chini ya miezi 12, na unaweza kufungwa hadi miezi sita hata kama hukumgusa mtu. Ukiuwa ukiwa umelewa, tangu 2022 kifungo kinaweza kufika cha maisha. Polandi, tangu Machi 2024, mahakama inaweza kumnyang'anya gari dereva aliyelewa kupita kiasi kikubwa walichokiweka.

Siyataji haya ili tuige ukali. Kwa kweli ukali peke yake siuamini, na historia ya hao Waingereza wenyewe inanipa sababu. Mwaka 1967 walipitisha sheria ya kiwango cha miligramu 80 na kipimo cha pumzi barabarani. Katika mwaka wa kwanza vifo vya barabarani vilipungua kwa zaidi ya 1,000. Kisha watu wakazowea, wakagundua kwamba kupimwa ni nadra, na faida ile ikaanza kupungua, ingawa adhabu ilikuwa pale pale kitabuni. New South Wales, kule Australia, mwaka 1982 walikuja na njia nyingine: polisi kumsimamisha dereva yeyote, wakati wowote, bila ya kumshuku, na kumpima. Vifo vikashuka na havikurudi juu. Dereva anahofia kizuizi cha usiku huu kuliko jela ya mbali.

4. Dawa za kulevya, ambazo nyingine hata harufu hazina.

Bangi, unga, na vile vidonge vya usingizi vinavyouzwa kwa siri. Tunajua vipo, Serikali ina chombo kizima cha kupambana navyo. Lakini dereva aliyevuta unga huitwa "amechoka" na mambo yakaishia hapo. Kuna na kosa la pili la upande wa pili: kumpima mkojo. Mkojo hubaki na alama ya bangi kwa siku nyingi, kwa mvutaji wa kila siku hata wiki kadhaa, kwa hivyo unaweza kumtia hatiani mtu aliyevuta wiki iliyopita na leo yuko sawa sawa. Nchi nyingine hupima mate pale barabarani, yanayoonesha matumizi ya karibuni, kisha damu huthibitisha. Uingereza na Wales wana viwango vya dawa katika damu tangu Machi 2015, na dawa za hospitali zimo, pamoja na ulinzi kwa mgonjwa aliyeandikiwa na daktari. Hili tusipoliandika kwa uangalifu tutawaonea watu.

5. Muhali: kuona haya kumkatalia mtu.

Hapa naona tabu kuandika, kwa sababu najiandika na mimi. Siku ya nne wazee wa kijana yule walikuja nyumbani. Walileta mchele, sukari, na bahasha. Walikaa kwenye jamvi kwa adabu zote, wakasema ajali ni kadari ya Mwenyezi Mungu, wakatuomba tusimharibie mtoto wa watu maisha kwa kumtaja kwa pombe, nyumba yao ni nyumba ya dini. Kaka yangu aliona muhali. Mchele tuliupika.

Na wodini, miaka yote ile, ni mara ngapi nimepokea dereva ananuka, nikaandika "ajali ya barabarani" bila ya neno jengine, kwa kuwa mama yake tunakwenda naye arusini? Sikuagizwa na mtu. Ndivyo tulivyo. Hapa kwetu kusema fulani kalewa ni kumvua nguo mzazi wake, na kwa hivyo ulevi tunausitiri, na tukishausitiri hauna hesabu, na usio na hesabu hauingii bajeti. Kwa sababu hiyo hiyo nataka kipimo kiwe cha lazima kwa kila ajali yenye majeruhi. Askari asiwe na hiari. Askari naye ana shangazi. Likiwa ni lazima, halina muhali tena: "samahani baba, puliza, ndiyo sheria."

Tena familia ina haki ya kusamehe, wala sipingi sulhu. Tumesamehe. Lakini tulichomsamehe kijana yule ni mguu wetu. Mama wa mtoto wa skuli atakayevuka barabara Tunguu mwezi ujao hakuulizwa.

6. Mwenye jambo ni nani?

Usafiri wa barabarani ni jambo la Zanzibar, na Baraza lilipitisha Sheria ya Usafiri wa Barabara namba 7 ya 2003. Polisi ni jambo la Muungano. Nilipouliza kuhusu kipimo upande mmoja nilielekezwa wa pili, na wa pili ukanirudisha wa kwanza. Ndiyo maana barua hii ina majina manne juu yake.

Sasa, najua yatakayosemwa, kwani mengine nimeshaambiwa usoni.

Mtasema Zanzibar ni nchi ya Waislamu, tatizo hili si letu. Basi leseni za vileo zinatolewa kwa nani, na ada zake zinapokewa na nani? Anayehudumia baa ya hoteli hadi usiku wa manane ni kijana wetu, anayemsubiri mgeni nje na gari ni kijana wetu, na wote hurudi nyumbani kwa barabara ile ile wanayoamkia wakwezi, wavuvi na wanawake wanaokwenda mwani.

Mtasema watalii watachukia. Wengi wao wanatoka Italia, Ujerumani na Ufaransa, ambako mpaka ni miligramu 50, au Polandi na Uswidi, ambako ni 20. Kwao wanaacha gari na kuita teksi. Wakifika kwetu wanakodi Vespa wakaendesha wamelewa, kwa sababu wamesikia hakuna anayepima. Mgeni hafuati sheria ya kwao ukweni. Anafuata ya mwenye nyumba, kama ipo.

Mtasema vifaa ni ghali. Pale Jozani yamejengwa matuta ili magari yasiwauwe kima punju, na matuta yale yamesaidia kweli. Sina ugomvi na kima. Nasema tu kwamba siku tuliyoamua kiumbe asife barabarani, fedha zilipatikana.

Lipo moja nitakubaliana nanyi kabla hamjalisema: kipima ulevi kinaweza kugeuka mradi. Askari anakushika, anakuonesha namba, mnamalizana. Hilo linanitia wasiwasi kuliko yote, na yeyote aliyepanda daladala kutoka Mwanakwerekwe hadi mjini anajua sisemi njozi. Ndiyo maana siombi vifaa vigaiwe tu kama filimbi. Kiwe kile kinachotoa karatasi yenye namba ya mfuatano, saa na kipimo, nakala moja ya dereva. Karatasi ikikosekana, afisa ajieleze. Kifaa kihakikiwe usahihi wake kwa tarehe zinazojulikana, la sivyo wakili wa kwanza atakitupa nje ya mahakama, na atakuwa na haki. Na vizuizi viwe na afisa anayejulikana jina na zamu, visiwe askari wawili gizani chini ya mwembe.

Na mtasema huwezi kumlazimisha mtu atoe pumzi au damu yake. Kweli, hatumfungi kamba. Lakini kukataa bila ya sababu ya kiafya kunaweza kufanywa kosa lenye adhabu sawa na kulewa, kama wafanyavyo Waingereza. Leseni ni amana uliyopewa kwa masharti. Hili liwe moja la masharti yake.

Kwa hivyo naomba haya:

Baraza liandike kiwango cha miligramu 50 kwa kila mililita 100 za damu kwa dereva wa kawaida, kama linavyopendekeza Shirika la Afya Duniani, na sifuri kwa gari za abiria, bodaboda, magari ya skuli na ya watalii. Madereva wenye leseni changa wasizidi 20.

Kila ajali yenye majeruhi, madereva wote wapimwe pumzi ndani ya saa mbili. Saa ya ajali na saa ya kipimo ziandikwe kwenye jalada, na jalada lisilo na saa hizo lirudishwe na Mkurugenzi wa Mashtaka kabla ya kufika kwa hakimu. Pemba wapate vifaa vyao na mtaalamu wao Chake Chake, Wete na Mkoani kwa siku ile ile itakayopata Unguja, si mwaka wa pili yake.

Leseni ifungiwe miezi 12 kwa kosa la kwanza hata kama hakuna aliyeumia, na asirudishiwe mpaka afanye mtihani upya. Kwa atakayemtia mtu ulemavu, hukumu iwe na kifungo pamoja na fidia inayolipwa kwa aliyeumizwa. Faini iliyotozwa katika kesi yetu iliingia Serikalini. Mguu wa bandia tunauchangia sisi.

Anayepatikana na ulevi wa mazowea, wa pombe au unga, apelekwe kwenye tiba kama sehemu ya hukumu. Nimewaona wakipona.

Na kila miezi mitatu itangazwe hadharani: wangapi walipimwa, wangapi walizidi, wangapi walihukumiwa, kwa mkoa. Majina siyataki. Nataka hesabu.

Najua Mheshimiwa Waziri ana mengi, barabara nyingi zinajengwa na tunaziona, Mungu awape nguvu. Barabara mpya ni nyoofu na laini, na magari yatakimbia zaidi.

Baraza likikaa kikao kijacho pale Chukwani, nitaomba nafasi kwenye viti vya wageni, mimi na mtoto wa kaka yangu. Anatembea na mkongojo na hapendi kuharakishwa, kwa hivyo tutatoka na gari ya mwanzo ya asubuhi. Tutakaa nyuma. Tunachotaka kusikia ni tarehe.

Wenu mtiifu,

Muuguzi mstaafu,
Wilaya ya Kusini, Unguja

Nakala: Sheha wa shehia yetu, aliyenipa kiti na feni wakati nikiandika.